Picha za Kabla

Karatasi yao inasema: picha ishirini na nne,
jengo tupu, mchana, bila watu.
Kuta kwa nje, kuta kwa ndani, dari, sakafu,
na rula ya nyekundu na nyeupe isimame kando ya kila ufa
ili wahandisi wajue umefika wapi.

Nimefika saa moja asubuhi.
Kunguru wa Upanga wamenitangulia,
wanagombania ganda la muhogo juu ya bati.
Mwenye ufunguo ni Sikudhani Mbonde, mfagizi wa manispaa,
miaka kumi na tisa katika bustani hii.
Kufuli analifungua kwa goti na matusi madogo.
"Mlango huu usiupige," ananionya. "Uombe."

Ndani, giza lenye harufu ya popo
na samadi iliyosahau shamba.
Nangoja macho yazoee.
Kwanza linajitokeza dirisha la tiketi,
kijidirisha cha kupita mkono mmoja
(walikodisha viti vya turubai, senti hamsini kila Jumapili,
tarumbeta zikilia pale nje;
hivyo anasimulia yeye, naye alisimuliwa).
Halafu mizani ya watoto: imebaki ndoano,
na ukutani, kwa penseli, waliopimwa:
Mwatumu, kilo sita na robo.
Pacha wa kwanza, tano.
Pacha wa pili, alilia, hakupimika.
Halafu miche. Halafu mafagio. Halafu basi.
Jengo limefanya kazi nyingi kuliko mtu
wala halijawahi kupandishwa cheo.

Napiga. Napiga tena.
Mwanga unapenya tundu la bati,
unaanguka sakafuni kama sarafu,
kisha unatambaa, nami naufuata
na miguu mitatu ya kamera.
Mchwa wamechora kwenye fremu ya dirisha mto mrefu wa udongo
ambao msanii yeyote angeutia sahihi.

Mwakani hapa patakuwa jumba la sanaa.
Nimeiona ramani: kuta nyeupe pepepe, taa zinazoinama,
watu waliochorwa bila nyuso, wamesimama na vikombe.
Sina ugomvi nao.
Wakinikubali nitaleta na mimi picha zangu,
nitavaa viatu visivyojua vumbi.
Ila ni vigumu kukipiga picha kitu
huku umekwisha kuambiwa jina lake la kesho.

"Bila watu," namsomea Sikudhani, naona haya.
Anacheka. "Mie mtu? Mie ufagio wenye kitambulisho."
Kisha anausogeza mlango taratibu.
"Basi mie niache. Upige huu."

Nyuma ya mlango, usawa wa bega lake: msumari.
Wa inchi nne, umepinda, umekula kutu.
Plasta kuuzunguka imeng'aa, nyeusi, laini,
kama pametulia kiganja cha mtu.
"Kanga yangu ya safari hapo. Pochi hapo.
Siku za mvua, mwavuli wa marehemu mama.
Wiki niliyomzika Chande sikuangika kitu.
Nilikuja tu, nikausimamia."

Nimeupiga bila rula.
Akaja kuchungulia kwenye kioo cha kamera,
akakaa kimya kidogo.
"Kumbe umepinda hivyo."

Picha ya ishirini na tano haimo kwenye karatasi.
Karatasi inataka nyufa, nami ninazo kumi na moja,
kila ufa na rula yake, wima kama askari wa zamu.

Saa sita akaja fundi kupima milango,
penseli sikioni, nyundo ya makucha kiunoni.
Akapima juu, akapima chini, akaandika kwenye kipande cha boksi.
Akaugeuza mlango, akauona.
Akaichomoa nyundo, akatutazama.
"Na huu je?"

Sikudhani alikwisha kuangika pochi.